Gome la Mti Ulioshinda Moto

Wiki ya pili baada ya soko kuungua nilitumwa kwenda kuangalia miti. Nasema nilitumwa kwa sababu kwa hiari yangu nisingekwenda. Arua nzima ilinuka plastiki iliyoungua, na mimi nilikuwa nimechoka: nimechoka na vilio, nimechoka na wakubwa waliokuja kupigwa picha wakiwa wamevaa buti mpya, nimechoka na kiti changu cha ofisini ambacho nimekikalia mpaka sponji imetoka. Kazi yangu ni miti ya mji. Napanda, napogoa, naandika upi ukatwe. Watu wengi hawajui kwamba mji una mtu wa kazi hiyo, na nikiwaambia hucheka kidogo, kana kwamba nimesema mimi ni mlinzi wa mawe.

Barabara iliyopita mbele ya soko ilikuwa na mijohoro mitano, jakaranda moja, mwarobaini mmoja, na pale langoni mkangazi mkubwa, ule ambao watu wa mjini huuita mahogani. Mijohoro ilikuwa imekwisha kabisa. Niliigonga kwa mgongo wa panga ikalia kama debe tupu. Jakaranda ilisimama vizuri kwa mbali, lakini nilipoizunguka nikaona ndani ni mkaa. Kwenye mwarobaini ndoo ya bluu ilikuwa imeyeyuka na kushikamana na shina, na mpini wake bado ulining'inia. Yote niliipiga msalaba mwekundu. Hapa kwetu msalaba mwekundu hauhitaji maelezo. Barabara ilipopanuliwa nyumba za watu ziliandikwa hivyo hivyo, na mpaka leo kuna watu wakiniona na kopo la rangi nyekundu hubadilisha njia. Mti wa kubaki mimi huuzungushia pete nyeupe. Siku ile kopo jeupe lilikuwa halijafunguliwa.

Nikafika kwenye mkangazi. Upande wa magharibi, uliotazama soko, ulikuwa mweusi kutoka mizizini hadi juu ya kimo cha watu wawili. Majani yote yalikuwa yamekauka lakini hayajaanguka, yana rangi ya chai. Chini yake, kwenye kivuli hafifu cha majani hayo makavu, mwanamke alikuwa akishona.

Namfahamu kwa sura tangu zamani. Ni mtu wa ng'ambo, upande wa Kongo, ila ameshona Arua miaka mingi kuliko wenyeji wengi walivyokaa hapa. Kibanda chake kiliungua na vitambaa vya wateja vyote. Kilichookoka ni kichwa cha cherehani tu, alichokikumbatia akakimbia nacho, na sasa alikuwa amekifunga kwa waya juu ya meza ya mbao za kuokoteza. Hakukuwa na kivuli kingine mtaa mzima. Tena nafasi ile haikuwa na mwenyewe, kwa sababu mti ndio ulioishika. Mti ukiondoka, ardhi ingepimwa na kugawiwa wenye uwezo, na yeye hakuwa mmoja wao. Hayo aliyajua vizuri kunishinda.

"Papa," akaniambia bila kuacha kuzungusha gurudumu kwa mkono, "na huyu muti utamuandikia rangi gani?"

"Bado sijui, mama."

"Basi muangalie polepole."

Nikauangalia mti polepole. Ukitaka kujua kama mti uko hai unakwaruza gome pande zote nne. Magharibi nilikuta ukavu mtupu, kahawia kama boksi la sabuni. Kaskazini, kadhalika, kwa sehemu kubwa. Kusini na mashariki kisu kilikutana na unyevu, na chini ya ganda nyama ya gome ilikuwa nyekundu na mbichi kama ufizi wa mtoto. Nusu ya mti ilikuwa imekufa na nusu haikuwa na habari. Mti wa hivyo hupona ukiachwa, kwa maana chakula chake hupita kwenye gome, na nusu ya njia inatosha. Nilimweleza fundi hivyo. Akasimamisha cherehani kunisikiliza, kitu ambacho mkubwa wangu hajawahi kunifanyia.

Mkubwa wangu alitaka miti yote iliyoguswa na moto iondoke kabla ya mvua ili vibanda vipya vijengwe. Mkandarasi wa kukata alikuwa ameshapita mara mbili kuutazama mkangazi, na hakuwa akiutazama kwa huruma. Mkangazi wa unene ule ni milango ya kanisa zima. Nikasema mti ule uko hai. Wakasema majani yamekauka. Nikasema majani si mti. Tukabishana hadi nikapandisha hasira, na nikipandisha huwa siongei vizuri, basi ikaamuliwa kwamba twende sote pale langoni asubuhi nikaonyeshe huo uhai wangu.

Tulikuta watu wengi. Wachuuzi waliobaki hawakuwa na cha kuuza, na mtu asiye na cha kuuza anapenda mkutano. Kwa kweli wengi wao walitaka mti ukatwe.

"Muzee, hii mti itaanguka juu ya watoto yetu," mwanamke mmoja muuza samaki wakavu aliniambia, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika. "Moto imekula yeye ndani."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ninaliandika leo. Nilikuwa nimechoka kubishana, nikataka kummaliza kila mtu kwa mkupuo mmoja. Nikatoa kisu, nikaenda upande wa mashariki, na katika kimo cha kifua nikakata dirisha kwenye gome, upana wa kiganja, nikalibandua ganda lote. Wekundu ukajitokeza, unyevu ukaanza kutiririka taratibu. Nikawaambia wasogee, na nikasema kwa Kiswahili cha soko ili asibaki hata mmoja asiyeelewa, Mlugbara, Mkakwa, Mkongo na yule aliyetoka Sudani:

"Tazama. Hii iko nyama, hii iko damu. Mti hii iko muzima. Moto imeshinda kila kitu hapa. Hii peke yake ndiyo imeshinda moto."

Yule muuza samaki akanyoosha kidole, akagusa ule unyevu, akauweka ulimini.

"Chungu," akasema, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ningepaswa kushtuka pale pale. Sikushtuka. Mkubwa wangu akakubali mti usubiri mvua, mkandarasi akaondoka na uso mrefu, nami nikafungua kopo jeupe nikauzungushia mkangazi pete nene, juu ya lile dirisha na chini yake, safi. Nilijiona mtu wa maana. Fundi alinipa soda. Nilirudi ofisini nikakaa kwenye kiti changu kibovu bila kulalamika.

Sasa, kwetu Nile Magharibi hakuna nyumba isiyojua gome la mahogani. Homa ikipanda, gome. Tumbo likisokota, gome. Linachemshwa mpaka maji yanakuwa mekundu, mtoto anabanwa pua, anamezeshwa. Mimi mwenyewe nilibanwa pua utotoni mara nyingi kiasi kwamba harufu yake nikiisikia hadi leo mdomo unanikauka. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina la baba yangu. Na bado nilisimama mbele ya soko zima nikawaonyesha mti wa dawa ulioshinda moto, nikawafungulia na mlango.

Siku tatu baadaye dirisha langu lilikuwa limerefuka kama mkono wa mtu mzima.

Nilikoroga udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe nikapaka kidonda, kama tunavyofanya. Kesho yake ile dawa yangu ilikuwa imekwanguliwa vizuri, kwa adabu, na kumwagwa pembeni, na gome lingine limeondoka. Nikamuuliza fundi ni nani.

"Papa, ni batu tu," akasema. "Wanakuja asubuhi mbele nifike. Wengine wanakuja mi nikiwa hapa hapa. Mama anaomba kidogo, mutoto wake ana homa. Nimwambie nini?"

"Mwambie mti utakufa."

"Nimewaambia. Wanasema wewe mwenyewe ulisema hii haiwezi kufa."

Sikusema hivyo, lakini nilijua ndivyo nilivyosikika. Nikafunga matawi ya miiba kuzunguka shina. Yakaondolewa yakatumiwa kuzungushia bustani ya mtu. Nikaandika kibao. Nikaenda kwa kasisi, nikaenda kwa imamu, nikawaomba wawatangazie watu waache kubandua gome la mti wa lango la soko, mti ule ulioungua ukapona. Wote wawili walikubali kwa moyo mweupe na wote wawili wakatangaza. Jumatatu wakafika hata watu wa vijijini ambao hata hawakuwa wamesikia kwamba kuna mti. Mpaka jirani yangu wa Manibe, ninakoishi, mtu ambaye hunisalimia kwa kupunga jembe tu, alivuka mpaka wa shamba kuja kunisemesha.

"Wewe iko karibu na ile mti," akasema. "Leta hata kidogo."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba homa haitazami kama mti uliungua au haukuungua, na kwamba kama ni gome, mikangazi iko kando ya barabara zote, wala yeye si mtoto wa kudanganywa. Akanisikiliza kwa uvumilivu kama mtu anayemsikiliza mlevi, akarudi shambani kwake. Nilisema maneno kama hayo kwa watu wengi mwezi ule. Nilikuwa nawacheka, na sijui kwa nini nafichaficha: niliwadharau.

Kilichonitia uchungu zaidi ni jinsi walivyochagua. Upande wa magharibi, ule mweusi, hakuna aliyeugusa. Gome lililokufa si dawa. Waliuacha upande ulioungua wote kama ulivyo, wakaula ule ulio hai, kutoka mashariki kuja kusini, mpaka pete yangu nyeupe ikakatikakatika kama maandishi yaliyofutwa. Mbao ya ndani ikabaki wazi juani, ikaanza kupasuka. Nilipopima mara ya mwisho kulikuwa kumebaki ukanda mmoja wa gome zima upande wa kusini, upana wa viganja viwili, ukipanda kutoka kwenye mzizi hadi kwenye matawi.

Na juu kabisa, mwisho wa ukanda ule, tawi moja lilikuwa limechipua. Majani machanga ya mkangazi hutoka mekundu kidogo. Nilisimama barabarani nikayatazama hadi mwendesha boda akanipigia honi na kuniuliza kama nimepotea. Nilifurahi, nisidanganye. Ilikuwa furaha ya kwanza tangu soko liungue, nikawa kama naionea aibu.

Nilimwita fundi akatoka kwenye cherehani, nikamwonyesha.

"Viganja viwili," nikamwambia, nikaviweka vyangu kwenye ukanda, kimoja kando ya kingine. "Ukibaki hivi mpaka mvua zikolee, mti utapona. Kikibaki kimoja hakitoshi. Mti mnene hivi kiganja kimoja hakiwezi kuulisha."

Akaweka viganja vyake pale nilipotoa vyangu. Vyake vilikuwa vidogo, akaongeza vidole viwili. Kisha akaenda kwenye furushi lake la vipande, akachukua kitenge cha zamani akakizungusha shinani kufunika ule ukanda, na akahamisha stuli yake. Tangu siku ile alishona akiwa ameegemeza mgongo kwenye ukanda wa gome. Mwenye kutaka dawa ilimbidi kwanza amwondoe yeye. Alifika alfajiri kabla ya wote na kuondoka wa mwisho, na chakula alikilia hapo hapo. Wachuuzi walimtania kwamba ameolewa na mti. Aliwajibu kwamba huyu angalau hatoki jioni.

Hapo ndipo tulipokuwa Jumapili niliyokwenda Lobule kumwona mama.

Mama anaishi Lobule kwenye shamba letu, na dada yangu anayefanya biashara ya sabuni na vitenge Koboko humpitia kila wiki. Tangu Krismasi mama alikuwa hainuki. Homa ilikuja na kuondoka, ikaja tena, miguu ikakosa nguvu. Zahanati tulikwenda, vidonge alimeza akavimaliza, sindano alipigwa. Mara ya mwisho nilipokwenda alinitazama kama anayejaribu kukumbuka mimi ni wa nani. Kwa hiyo nilipokuwa njiani na pikipiki siku ile nilikuwa nimeshajitayarisha kwa mengi. Nilipozima injini nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, anachambua maharage.

Nyumbani tunazungumza Kikakwa, na maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili changu.

"Umekonda," akaniambia. "Huko Arua hamli?"

Dada yangu akatoka jikoni na sufuria, akamimina maji mekundu kwenye kikombe, na ile harufu ikanifikia kabla ya kikombe kumfikia mama. Mdomo ukanikauka.

"Dawa gani hiyo?"

"Gome," dada akasema. "Nililipata Koboko sokoni, linaondoka kama mkate. Wanasema ni la mti wa kwenu huko Arua, ule ulioshinda moto. Alikunywa siku nne, siku ya tano akasimama mwenyewe."

Akanionyesha kikapu. Vilikuwa vimebaki vipande viwili. Kimoja kilikuwa na rangi nyeupe ukingoni, mstari mnene wa brashi, na nikaona hata pale brashi yangu ilipokuwa imepoteza unywele mmoja ukaganda kwenye rangi. Nilikishika muda mrefu. Dada akaniuliza kama kina wadudu.

Mama alikunywa bila kubanwa pua na mtu, akakunja uso, akarudisha kikombe.

"Karibu linakwisha," akasema. "Nimeamka leo asubuhi nikaenda chooni bila kushikwa mkono. Wewe si uko huko huko mti uliko? Utaniletea."

Nikasema ndiyo.

Kurudi Arua nilipitia Koboko na sikusimama hata kununua maji. Njia nzima nilibishana na nafsi yangu kwa ustadi wote niliokuwa nimewatumia wengine. Homa huisha yenyewe. Vidonge vilichelewa kufanya kazi. Kama ni uchungu, mikangazi yote ina uchungu ule ule, ningeweza kusimama popote kando ya barabara nikabandua kipande, nikakipaka hata rangi nyeupe, na mama asingejua. Yote ni kweli. Nilipita mikangazi miwili mikubwa yenye afya kabla ya kufika mjini. Kwenye wa pili nilipunguza mwendo, nikakifikiria kikombe kile kikiwa na gome lisilo lenyewe na mama akiwa amelala tena. Nikaongeza mwendo.

Jumatatu nilifika langoni mapema. Fundi alikuwa ameshafika, amekaa mgongo kwenye gome, anatia uzi.

"Papa, umekuja kumpima?"

"Sogea kidogo, mama."

Alisogea upesi, kwa furaha, akakifungua kitenge mwenyewe ili nione vizuri. Ukanda ulikuwa mzima, viganja viwili, haujapungua hata uzi. Juu kulikuwa na tawi la pili lililochipua. Nilitoa kisu. Nadhani alifikiri nakwaruza tu, kwa sababu alisogea karibu kutazama, na nilipoingiza makali na kukata kutoka juu kuja chini alikuwa bado ameshika kitenge. Nilikata kiganja kimoja. Nilikata vizuri, kama mtu anayejua kazi yake, na ganda lilitoka zima, jekundu na zito mkononi.

Nilingoja anitukane. Ningempa haki.

"Nani mugonjwa?" akauliza.

"Mama yangu."

Akakichukua kile kitenge cha kufunikia ukanda, akakichana katikati, akanipa nusu nifungie gome lisikauke njiani. Nusu nyingine aliikunja akaiweka kwenye furushi lake. Na kabla sijafungua kopo la rangi nyekundu, alikuwa ameshaanza kuvuta meza ya cherehani kuitoa chini ya mti, kuipeleka juani.